Kalamu ya Ardhi ya Pwani Ishikwe na Nani?

Huku Shanzu, Mombasa, mtu anaweza kujenga nyumba ya mawe ya matumbawe, akaiezeka mabati, akaozesha mabinti humo na wazee wake wakafia humo, na bado ardhi iliyo chini ya msingi ikawa ya mtu mwingine. Sisi huiita nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi, au humlipa anayedai kumwakilisha mwenye kiwanja, na risiti zikiwepo huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Wapo pia wasiolipa kwa kuwa hawajawahi kumwona wa kumlipa. Wamekaa, wamelima, wamepanda minazi na miembe, hadi siku anapotokea wakili na ramani.

Serikali haikosekani huku. Ukiiacha barabara ya Malindi ukashuka kuelekea baharini utaikuta kila hatua chache. Kuna chuo cha walimu. Kuna gereza la Shimo la Tewa. Kuna mahakama, na kisa chake kinafaa kukumbukwa. Maharamia wa Kisomali walipozidi kuteka meli katika Bahari ya Hindi, mataifa makubwa yalitaka mahali pa kuwashtaki, na kwa msaada wa Umoja wa Mataifa mahakama yenye ulinzi mkali ikafunguliwa hapa Shimo la Tewa mwaka 2010. Shida ilijulikana, fedha zikapatikana, aliyepaswa kuamua alijulikana, jengo likasimama. Mwaka huo huo, tarehe 27 Agosti, Kenya ilitangaza Katiba mpya iliyoahidi kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Ahadi hiyo haikupata mtu mmoja wa kuamua. Ilipata watu wengi, kila mmoja na ofisi yake, na hapo ndipo mwenye nyumba bila ardhi alipokwama.

Husemwa sana kwamba Pwani inakosa sera nzuri ya ardhi. Mimi sikubali. Sera tunazo, tena zimeandikwa vizuri. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchi nzima. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ilitenga sehemu maalumu kuhusu Pwani na kukiri kwamba matatizo yake yana mizizi yake yenyewe. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikarudia hayo katika ripoti yake ya Mei 2013. Kinachoamua kama karatasi hizo zitamfikia mtu wa Shanzu ni jambo ambalo halizungumzwi sana kwenye mikutano ya siasa: ni mikono mingapi lazima ikubaliane kabla hati haijatoka, na kalamu ya mwisho imewekwa wapi.

Tuanze na yaliyopita, kwa kifupi, maana wengi wetu tumeyasikia nyumbani. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wote wenye madai katika ukanda wa maili kumi, ule uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, waje waandikishe. Waliojua maandishi, waliokuwa na jamaa mjini, waliokuwa na mashahidi wa kusikilizwa, waliandikisha. Wamijikenda wengi, na watu waliotoka utumwani, hawakuandikisha, na ardhi isiyoandikishwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Oktoba 8, 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakakamilisha makubaliano: Zanzibar iliachia ukanda, na Kenya, miongoni mwa mengine, ikaahidi kuzitambua hati za umiliki zilizokwishasajiliwa. Kosa la daftari la 1908 likabebwa hadi ndani ya uhuru, safari hii likiwa na muhuri wa serikali mbili.

Wazee wetu wa siasa waliliona hilo. Ronald Ngala na chama chake cha KADU waliingia kwenye mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1962 wakitaka majimbo, na ardhi ilikuwa moja ya sababu kubwa. Walipata Katiba yenye majimbo 7, Pwani ikiwa mojawapo, pamoja na Seneti ya kuyalinda. Haikudumu. Chama cha KANU kilikuwa na serikali kuu, na serikali kuu ilikuwa na fedha. Majimbo yalicheleweshewa pesa na madaraka hadi yakawa jina tu. Novemba 1964 KADU ikajivunja, mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge. Hapakuhitajika mapinduzi wala kura ya maoni. Ilitosha kumnyima mtu fedha ya kufanyia kazi aliyopewa na Katiba, kisha kumwambia kazi imemshinda. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa maana tumeliona tena kwa macho yetu.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuziba tundu hilo. Ibara ya 67 iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Ardhi ya umma isimamiwe na tume huru, isiwe tena zawadi mkononi mwa rais kama ilivyokuwa kwa miongo. Bunge likapitisha sheria tatu mwaka 2012: ya ardhi, ya usajili wa ardhi, na ya tume yenyewe. Makamishna wa kwanza waliapishwa Februari 2013, mwenyekiti akiwa Muhammad Swazuri, mwana wa Pwani. Kwetu, kipengele kilichokuwa na uzito kuliko vyote kilikuwa kile kilichoagiza kila kaunti iwe na bodi ya usimamizi wa ardhi, wajumbe wake wapitishwe na bunge la kaunti. Maombi ya kugawiwa ardhi ya umma, kuipasua, kubadilisha matumizi yake, yote yangepitia hapo kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu majimbo, sehemu ya uamuzi wa ardhi ilikuwa inakuja Mombasa.

Hapo vita vikaanza. Waziri wa Ardhi wakati huo, Charity Ngilu, na Tume walivutana hadharani: nani asajili, nani atie saini hati, nani avunje mkataba wa ukodishaji, nani awasimamie maafisa wa masjala. Maelfu ya hati zilikuwa zikigawanywa Pwani na Rais Uhuru Kenyatta katika hafla za mwaka 2013, na watu walifurahi, kama ambavyo yeyote angefurahi. Lakini nyuma ya jukwaa hapakuwa na makubaliano kuhusu ofisi iliyokuwa na haki ya kutoa karatasi ile. Tume ikaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Desemba 2015 mahakama ikajibu: usajili na utoaji wa hati ni kazi ya serikali ya kitaifa kupitia wizara, Tume isimamie ardhi ya umma, ishauri, ichunguze. Kalamu ikabaki Ardhi House, makao ya wizara jijini Nairobi.

Agosti 2016 ikaja sheria ya marekebisho ya sheria za ardhi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sijui sheria nyingine iliyoigusa Shanzu kwa kina hivyo huku ikizungumzwa kwa uchache hivyo. Sheria ile ilifuta bodi za ardhi za kaunti. Ikairudisha miradi ya kuwapa makazi maskwota mikononi mwa serikali ya kitaifa, ilhali mwaka 2012 ilikuwa imepewa Tume. Ikaweka muda wa miaka 5 kwa mtu kupeleka madai ya dhuluma ya kihistoria, na muda huo ukaisha Septemba 2021. Mamlaka ya Tume ya kukagua upya hati za ardhi ya umma zilizotolewa kwa njia ya mkato nayo yalikuwa na kikomo cha miaka 5 kutoka 2012, kikaisha 2017. Fikiria bibi wa Utange, jirani na Shanzu, ambaye babu yake alipokonywa shamba mwaka 1920. Dhuluma ya miaka mia moja ikapewa miaka mitano ya kulalamikiwa, na tangazo lenyewe likatolewa kwenye gazeti la serikali ambalo haliuzwi kwenye kibanda chochote cha Shanzu.

Iliwezekanaje? Katiba yenyewe inasema kwamba uhuru wa tume za kikatiba hauwezi kubadilishwa bila kura ya maoni. Huo ni ukuta imara. Lakini kazi za kila siku za tume, bodi zake, muda wake na bajeti yake viliachwa viamuliwe na sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida hubadilishwa na wabunge wengi waliopo siku ya kupiga kura. Jina la Tume lililindwa na wananchi wote wa Kenya, mikono yake ikalindwa na mtu yeyote aliyekuwa na idadi Bungeni. Na idadi sisi hatuna. Kaunti 6 za Pwani zina maeneobunge 26 kati ya 290. Hata wote 26 wangesimama pamoja, jambo ambalo historia yetu haitoi sababu ya kulitarajia, wasingezuia chochote. Katika Seneti hali ni nafuu kidogo, maseneta 6 kati ya 47 waliochaguliwa, na ndiyo maana naamini kila mswada wa ardhi unaogusa kaunti lazima upite huko bila ubishi.

Tume nayo haikuwa ya malaika. Baadhi ya maafisa wake walifikishwa mahakamani mwaka 2018 kuhusu fidia ya ardhi ya reli mpya, nao wakakanusha mashtaka. Muhula wa makamishna wa kwanza ulipoisha Februari 2019, warithi wao hawakuapishwa hadi Novemba. Kwa karibu miezi tisa Kenya ilikuwa na tume ya ardhi isiyo na makamishna. Aliyekuwa na shauri lake pale alingoja. Ukitaka kujua jinsi taasisi inavyouawa bila kufutwa, soma hapo, kisha rudi usome habari za majimbo ya 1963.

Sasa tuwatazame majirani, kwa kuwa wamepita njia nyingine na matunda yao yanaonekana.

Tanzania ilimteua Profesa Issa Shivji mwaka 1991, enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, kuongoza tume ya uchunguzi wa masuala ya ardhi. Ilizunguka nchi nzima ikisikiliza wanavijiji, ikaja na pendekezo zito: mamlaka ya juu ya ardhi yaondolewe kwa serikali, yapelekwe kwa tume ya ardhi inayowajibika kwa Bunge na kwa mikutano ya vijiji. Serikali ilikataa kiini cha pendekezo hilo. Sera ya 1995 na sheria mbili za 1999, Namba 4 na Namba 5, zilibakisha ardhi yote kuwa ya umma na Rais kuwa mdhamini wake. Chama kimoja kilikuwa na Bunge karibu lote; hapakuwa na mkono wa pili wa kuilazimisha serikali iachie. Hata hivyo, tazama kilichopatikana ndani ya uamuzi huo huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imempa mwanakijiji wa Tanzania haki ya kupata hati ya kimila kutoka kwa halmashauri ya kijiji chake mwenyewe. Ni kweli vijiji vingi vimekosa fedha za kupima mipaka, na wawekezaji wamepita juu ya vingine. Lakini kisheria mkulima wa Handeni hapandi basi kwenda mji mkuu kuomba atambuliwe. Sisi tuna umiliki binafsi unaolindwa na Katiba kwa maneno makali kuliko ya Tanzania, na kalamu iko mbali zaidi.

Uganda inatufaa kuliko wote, maana ardhi ya mailo ya Buganda ni ndugu wa nyumba bila ardhi. Huko nako mmoja ana hati, mwingine anakaa na kulima kibanja, na analipa kodi ndogo iitwayo busuulu. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zilimtambua mkaaji huyo. Marekebisho ya mwaka 2010 yakaongeza kwamba hawezi kufukuzwa isipokuwa kwa kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama. Hayo hayakuja kwa huruma. Rais Yoweri Museveni alihitaji kura za wakaaji wa vibanja, chama chake kilikuwa na wingi Bungeni, na upande wa pili ulikuwapo ufalme wa Buganda, uliorudishwa mwaka 1993, wenye uwezo wa kupiga kelele za kusikika. Serikali haikuweza kuifuta mailo, na ufalme haukuweza kuizuia sheria. Kilichotoka ni ardhi yenye wenyewe wawili, jambo linalozaa kesi hadi leo, ila mkaaji ana sheria inayomtaja kwa jina la hali yake. Mpangaji wa kiwanja wa Majaoni hapa kwetu hana sheria ya namna hiyo. Ana risiti, na wema au ubaya wa mrithi wa tajiri wake.

Rwanda ilifanya upesi. Kati ya 2009 na 2013 nchi nzima ilipimwa na kusajiliwa, viwanja zaidi ya milioni 10. Amri ilitoka juu ikafika kitongojini, na hapakuwa na aliyeweza kuisimamisha. Wapo wenzetu wanaotamani hivyo. Mimi naogopa, na sababu yangu iko ng'ambo tu ya maji. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, Baraza la Mapinduzi lilitaifisha ardhi kwa amri na kugawa eka tatu tatu kwa maelfu ya familia. Wengi waliokuwa hawana kitu walipata pa kulima, na hilo ni jema lisilofaa kubezwa. Lakini waliopewa walipewa matumizi, si mamlaka, na waliopokonywa hawakuwa na mlango wa kubisha. Mkono uliotoa bila kuulizwa ulibaki na uwezo wa kuchukua bila kuulizwa. Mtu wa Pwani ambaye ardhi yake ilichukuliwa kwa amri ya 1908 hapaswi kuililia amri nyingine.

Afrika Kusini imeonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Desemba 2021 mswada wa kubadilisha Katiba ili serikali iweze kuchukua ardhi bila fidia ulipata kura 204 Bungeni, ukihitaji 267, ukaanguka. Chama tawala hakikuwa na theluthi mbili, na vyama vilivyotaka mabadiliko vilikosana kuhusu kiasi chake. Wengi walitaka mageuzi. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko wingi wao.

Kenya imekaa katikati, ikiwa na milango mingi, na hilo lina faida ambayo tumeanza kuiona hapa hapa Mombasa. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilivunja ukuta huko Nyali ili kufungua njia ya umma kwenda ufuoni. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya kiwanja hicho, ambacho historia yake ilirudi hadi mgao wa mwaka 1989 kwa Rais Daniel arap Moi. Kampuni ilishtaki, kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 hukumu ikatoka: hati iliyoanza kwa mgao usiofuata sheria hailindwi na Katiba, hata kama aliyenayo sasa aliinunua kwa fedha yake. Kwa watu wanaoishi baina ya hoteli za Shanzu na barabara, wanaozunguka mbali kufika kwenye mchanga ambao Katiba inasema ni wa umma baina ya maji kujaa na maji kupwa, hukumu ile ina thamani kuliko hotuba za miaka 30. Ilipatikana kwa sababu kulikuwa na kaunti yenye gavana aliyechaguliwa na watu wa hapa, akiwa na sababu ya kuthubutu, na kulikuwa na mahakama ambayo rais hakuweza kuiagiza. Mwaka 1995 kusingekuwa na kaunti hiyo, na mahakama sina haja ya kuieleza.

Mahakama ya Rufaa iliyokaa Malindi mwaka 2015 nayo ilifungua mlango, au tuseme ilikataa kuufunga. Iliulizwa kama kanuni ya sheria inayompa mtu ardhi ya mwenye hati baada ya kuikalia waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa inapingana na Katiba mpya. Ikasema haipingani. Kanuni hiyo imezipa familia nyingi za Pwani ardhi ya matajiri wasioonekana. Ila ina mipaka miwili inayouma. Haifanyi kazi juu ya ardhi ya umma. Na haimfai anayelipa kodi ya kiwanja, kwa kuwa yeye anakaa kwa ruhusa. Yaani mpangaji mwaminifu aliyelipa kila mwezi tangu enzi za baba yake ana haki ndogo kuliko aliyeingia msituni bila kumuuliza mtu. Hilo haliwezi kurekebishwa na jaji. Linahitaji sheria ya Bunge, mfano wa ile ya Uganda.

Linganisha hayo na Waitiki. Shamba la zaidi ya ekari 900 huko Likoni lilivamiwa kwa miaka, serikali ikalinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati kwa wakaazi. Familia zilizopata ziliondokewa na hofu ya tingatinga, na mimi siwezi kulidharau hilo. Lakini Waitiki haikuacha utaratibu nyuma yake. Haikumwambia mtu wa Shanzu afuate hatua gani ili naye afike alikofika mtu wa Likoni, wala foleni iko wapi, wala nani anaisimamia. Ilikuwa hisani ya kiongozi, na hisani huenda inakopendelea. Mwaka 2010 serikali ililipiga marufuku kundi la MRC (Mombasa Republican Council) lililopaza sauti ya Pwani si Kenya, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Malalamiko makubwa ya watu wale yalihusu ardhi. Walichokosa ni mlango wa kuyapeleka, na palipokosekana mlango vijana walianza kusukuma ukuta.

Nauliza basi, wabunge wetu 26 na maseneta wetu 6 wanapigania nini hasa wanapoisema ardhi? Mara nyingi nawasikia wakiomba rais aje na hati. Sijasikia vya kutosha wakidai bodi za ardhi za kaunti zirudishwe kwenye sheria zilikofutwa mwaka 2016. Bodi hizo zingekuwa na kasoro. Zingeweza hata kutekwa na wakubwa wa hapa hapa, na katika kaunti hii wakubwa wanaopenda viwanja hawakosekani. Lakini mkubwa wa hapa namjua nyumba, na baada ya miaka mitano nampigia kura au namnyima. Mkuu wa kitengo aliyeko Ardhi House simjui jina.

Kaunti nayo isijifiche nyuma ya Nairobi. Katiba imeipa upimaji na uchoraji wa ramani, na imeipa haki ya kutoza ada ya mali. Hakuna anayeizuia Mombasa kujua, kiwanja kwa kiwanja, nani anamiliki ardhi iliyolala Kisauni, eneobunge lenye Shanzu, analipa ada au halipi, na ni familia ngapi zinaishi juu yake. Mwenye ardhi anayedaiwa ada za miaka mingi ni mtu anayeweza kuitwa mezani, auze kwa bei ya haki kwa waliokalia, au akodishe kwa mkataba ulioandikwa. Daftari hilo halihitaji saini ya waziri. Linahitaji wapimaji, na mstari kwenye bajeti ya kaunti, na madiwani wa Shanzu, Bamburi na Mtopanga wanaojua kuusoma mstari huo kabla ya kuipitisha bajeti.

Na kuna Tume. Makamishna wake huhudumu miaka 6, muhula mmoja tu. Wanapotafutwa wapya, jopo huwahoji, Rais huwapendekeza, Bunge la Kitaifa huwaidhinisha, na sheria inamruhusu mwananchi yeyote kupeleka maoni yake kuhusu anayependekezwa. Wazee wa mitaa, imamu, mchungaji, chama cha wapangaji wa viwanja, wote wanaweza kuandika. Waulize huyo anayetaka kazi: atafungua Mombasa ofisi yenye mamlaka ya kupokea madai, kupima na kuamua, au yenye sanduku la kupokea barua tu? Atasimama mbele ya kamati ya bajeti kudai fedha za ofisi hiyo? Atawatetea waliofungiwa nje na ule muda wa miaka mitano? Majibu yake yaandikwe kwenye rekodi ya Bunge, na mbunge wa Kisauni awepo chumbani wakati anajibu.